Tofali lililozidi upande mmoja: kisa cha mashine ya kufyatulia huko Nzuguni

Mashine inayozungumziwa hapa ni ya kufyatulia matofali ya kufungamana, ile ya mkono, yenye boksi moja na mpini mrefu. Ni mali ya kikundi cha vijana kinachofanyia kazi pembezoni mwa Nzuguni, mashariki ya Jiji la Dodoma, na nilipoitwa kuiangalia ilikuwa imeshapitisha kiangazi zaidi ya kimoja kazini. Malalamiko yalikuwa matatu. Mpini umekuwa mzito, kijana mmoja haushushi tena peke yake. Matofali yanamomonyoka pembe yakiinuliwa. Na kubwa kuliko yote, fundi mwashi amegoma kuendelea kwa sababu ukuta unatoka nje ya timazi.

Kwa tofali la kawaida, milimita mbili hazimkoseshi mtu usingizi, maana mota ya katikati, ule mchanganyiko wa saruji na mchanga unaounganisha matofali, inazimeza. Tofali la kufungamana halina mota ya kulisitiri. Linapangwa kavu, mgongo wa lililo chini ukiingia kwenye mfereji wa lililo juu, hivyo kosa la mashine linapanda na ukuta kozi kwa kozi, yaani safu kwa safu. Kipimo kilichozoeleka nchini, kilichohimizwa na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, ni urefu wa milimita 300, upana 150 na kimo 100. Yale ya kikundi hiki yalikuwa na kimo cha 103 upande mmoja na 101 upande wa pili. Inaonekana kidogo. Lakini tofauti hiyo ya milimita 2 katika upana wa 150 ikirudiwa upande uleule, kila kozi inalala zaidi kuliko iliyotangulia, na kozi sita zinatosha kuutoa ukuta karibu sentimita mbili.

Kuna jambo lililochelewesha kisa hiki, na linafaa kutajwa mapema. Fundi mwashi wa kwanza, kabla ya huyu aliyegoma, alikuwa mjanja. Aligundua mwenyewe kwamba kozi moja akiielekeza huku na inayofuata akaigeuza kichwa mkia, ukuta unasimama. Akaendelea hivyo bila kumwambia mtu. Nyumba mbili zikajengwa, timazi safi, na mashine ikaendelea kuliwa kimyakimya. Alipokuja mwashi mwingine asiyejua siri hiyo, ndipo watu wakadhani mashine imeharibika ghafla.

Aina hii ya mashine ni ya ukoo wa Cinva-Ram, iliyobuniwa na Raúl Ramírez huko Bogotá, Kolombia, katika miaka ya 1950. Wazo lake halijabadilika sana. Udongo uliochanganywa na saruji kidogo unajazwa kwenye boksi la chuma, mfuniko unafungwa, nira iliyoshikwa na mpini inauvuka mfuniko, kisha mpini unaposhushwa, mikono miwili ya bamba, mmoja kila ubavu wa boksi, inaivuta pistoni kutoka chini. Pistoni inapanda, udongo unabanwa kati yake na mfuniko. Ukiufungua mfuniko na kuupeleka mpini upande wa pili, pistoni ileile inalisukuma tofali juu, unalibeba.

Jambo la kushika ni kwamba pistoni haiamuliwi na nguvu za mtu. Mpini ukifika mwisho wake, pistoni imefika kimo kilekile kila siku, awe anayevuta ni pande la mtu au kijana mwembamba. Kimo cha tofali kimeandikwa kwenye chuma: kwenye umbali wa matundu ya ile mikono miwili na unene wa pini zinazopita humo. Kwa hiyo kimo kikibadilika, chuma kimebadilika. Udongo unaweza kulifanya tofali likawa gumu au laini; hauwezi kuligeuza kutoka 100 kuwa 103 ikiwa mpini umefika mwisho.

Hata hivyo lawama ya kwanza iliangukia udongo. Ni kawaida Dodoma, kwani kila mtu hapa ana la kusema kuhusu udongo. Hii ni nchi ya tembe, na wazee waliozikandika kuta na mapaa ya udongo wanaujua kwa kidole. Mzee jirani aliyekuwa akipita na mbuzi wake alichukua konzi, akausugua, akasema, "Huu una mchanga mwingi, wanangu, hauna gundi." Mwenyekiti wa kikundi alishikilia kinyume chake, kwamba una mfinyanzi uliozidi ndiyo maana unavimba. Wote wawili walipewa nafasi. Tuliweka udongo kwenye chupa ya maji, tukaitikisa na kuiacha itulie. Matabaka yalionyesha mchanga mwingi na mfinyanzi wa kutosha, udongo mwekundu wa kawaida wa eneo lile, unaofaa kabisa. Unyevu nao tuliupima kwa donge lililobanwa kiganjani na kuangushwa kutoka usawa wa bega. Donge likitawanyika kama unga, maji ni haba. Likibonyea likabaki moja, maji yamezidi. La kwetu lilipasuka vipande vinne. Udongo ukawekwa kando.

Jaribio lililomaliza ubishi lilikuwa rahisi zaidi. Kabla ya kulitoa kila tofali mashineni, tulikwaruza kwa msumari alama ya upande wa kushoto wa mfyatuaji. Kama kosa lingekuwa la ujazaji, upande mrefu ungehamahama, leo kushoto kesho kulia, kufuatana na beleshi lilivyomwaga. Haukuhama. Ulikuwa kushoto siku zote, hata pale tulipojaza makusudi udongo mwingi zaidi kulia. Kisha tukafunga mfuniko boksi likiwa tupu, nikaushika mpini na kuuchezesha taratibu. Ulikwenda upana wa kiganja kizima kabla pistoni haijasikia chochote, na ukiweka kidole kwenye kiungo cha chini cha kushoto ulisikia chuma kikigonga chuma: tak, tak. Kulia kulikuwa na mchezo pia, lakini mdogo.

Hapo tukaamua kuifungua yote.

Kuifungua

Vijana walileta ndoo ya maji waioshe kwanza. Hapana. Mashine yenye udongo wa saruji ikimwagiwa maji kabla ya kufunguliwa, uji unashuka kwenye viungo na kuganda humo. Tulianza na brashi kavu ya nyuzi ngumu, kisha brashi ya waya kwenye kona, tukakung'uta mpaka chuma kikaonekana. Baadaye tukapiga alama kwa tindo: nukta moja kila kipande cha kushoto, nukta mbili kila cha kulia, na mshale kuelekea mbele. Simu ilipiga picha kila hatua, lakini alama ya tindo haifutiki wala haiishiwi chaji, na vipande vya kushoto na kulia vya mashine hizi hufanana mno.

Mpini ulitoka kwanza, kisha nira na vigurudumu vyake viwili vinavyobingirika juu ya mfuniko, kisha mfuniko wenyewe. Kabla ya kugusa pini ya chini tuliweka gogo chini ya pistoni. Hili silirukii kamwe. Pini ile ikitoka, pistoni inashuka kwa uzito wake wote, na mahali inapoangukia ndipo hasa mtu anapenda kuweka vidole akichungulia.

Pini ya juu ilitoka kwa kugongwa kwa kipande cha mti mgumu na nyundo ya kawaida. Ya chini ilikataa. Tuliimwagia dizeli, tukaiacha tukaenda kunywa chai, tukarudi, ikasogea nusu ukucha kisha ikakwama tena. Sababu tuliiona ilipotoka hatimaye: sehemu ya kushoto ilikuwa imechongeka kama kiuno cha nyigu, na ukingo wa kile kiuno ndio uliokuwa ukikwama kwenye tundu. Pini mpya ni milimita 25. Pale kiunoni kaliper, kifaa cha kupimia unene, ilisoma 24 kamili. Tundu la mkono wa kushoto lilikuwa limetanuka kuwa yai, milimita 0.7 zaidi upande wa mvuto. Jumlisha, kiungo kimoja kina ulegevu wa 1.7. Kiungo cha juu cha upande huohuo kilikuwa na 1.3. Vyote viwili, milimita 3. Upande wa kulia viungo viwili vilitoa jumla ya milimita 1 hivi.

Tatu kushoto, moja kulia. Tofali 103 kushoto, 101 kulia. Ni mara chache hesabu ya kisa inafunga namna hii, na ilipofunga hapakuwa na haja ya kutafuta mchawi mwingine wa kimo.

Ila lilibaki swali la kwa nini kushoto. Pini ni moja, inapita pande zote mbili, chuma kilekile, mzigo uleule.

Jibu lilikuwa chini ya rangi. Kila kiungo cha mashine hii kilitengenezwa na kitundu kidogo cha kuingizia grisi. Vya kulia vilikuwa wazi. Vya kushoto vilikuwa vimezibwa na tabaka nene la rangi ya bluu, na tulipoikwangua kwa ncha ya msumari, ndani mlikuwa na kizibo kigumu cha mchanga na grisi iliyokauka. Vijana wakakumbuka: mashine ilipakwa rangi ipendeze kabla ya kupelekwa uwanja wa Nane Nane, ambao uko hukohuko Nzuguni. Aliyepaka alisimama upande wa kushoto, upande utakaoangaliwa na wageni, akapaka kwa moyo wote. Tangu siku hiyo viungo vya kushoto havikuonja grisi. Upande huohuo ndio ulikuwa na kichuguu cha udongo uliochekechwa, na upepo wa kiangazi ulikipeperushia mashine vumbi kutwa nzima.

Grisi nyingi, mahali pasipo pake

Ungefikiri basi kwamba kikundi hiki kilikuwa kizembe. Hakikuwa. Kopo la grisi lilikuwepo, karibu tupu, na kijana aliyekabidhiwa kazi hiyo alikuwa akiifanya kila asubuhi kwa uaminifu. Tatizo ni pale alipoipaka: kwenye kuta za ndani ya boksi na kwenye mguu wa pistoni, kwa mkono, kwa ukarimu. "Ndipo panaposuguana," alieleza, na hakukosea kabisa. Panasuguana kweli.

Lakini mahali panapoonekana kwa jicho ni mahali mchanga unapofika. Grisi iliyo wazi mbele ya udongo wa Dodoma wenye chembe ngumu za mchanga wa kwatzi haichukui hata saa moja kugeuka kuwa dawa ya kusagia chuma, ileile ambayo mafundi wa injini hununua dukani kwa ajili ya kusagia valvu. Tulipoitoa pistoni, mguu wake ulikuwa umevaa soksi ya ugoro mweusi. Ukiupaka kati ya vidole viwili na kuvisugua karibu na sikio, ulisikia ukikwaruza. Mabamba ya ndani ya boksi, yale yanayofungwa kwa boliti ili yabadilishwe yakiisha, yalikuwa na unene wa milimita 6 yakiwa mapya. Upande wa chini, pistoni inapoanzia safari yake, tulipima 4.8. Njia inayouelekeza mguu wa pistoni nayo ilikuwa imepanuka.

Hapa ndipo visa viwili vinapoungana kuwa kimoja. Viungo vilivyolegea upande mmoja peke yake havitoshi kuipindisha pistoni. Kama njia yake ingekuwa bado imebana, ingekwama, na mashine ingegoma mapema. Ni kwa sababu njia ililiwa ndipo pistoni ikapata nafasi ya kulala kushoto. Na ikiwa imelala, kingo zake zinakwaruza bamba, mpini unakuwa mzito.

Kutoka hapo mambo yalizunguka. Pistoni isiyofika juu inaacha tofali refu, na udongo uleule ukienea kwenye nafasi kubwa zaidi unakuwa laini. Tofali laini linamomonyoka pembe. Vijana walipoona pembe zinamomonyoka waliongeza saruji, kutoka sehemu moja kwa kumi ya udongo hadi moja kwa nane, na mfuko wa kilo 50 ukaanza kutoa matofali machache kuliko zamani. Walipoona bado, wakaongeza ujazo: wakaacha kutumia kopo la kipimo, wakajaza kwa beleshi mpaka juu na kukandamiza kwa mkono. Udongo ulipozidi, mpini ukagoma kufika chini. Ndipo likaja bomba. Bomba la urefu wa mita moja na ushee lilichomekwa kwenye mpini, vijana wawili wakining'inia. Alama zake zilikuwa wazi, rangi imechubuka pale linapoingia, na nira ilikuwa imeanza kupinda. Nguvu yote ile ilipitia kwenye pini kavu ya kushoto.

Kila hatua katika mzunguko huu ilichukuliwa na mtu mwenye akili timamu anayeona tatizo halisi. Kwa hiyo sina subira na mafundi wanaofika, wakaona bomba, wakahitimisha kwamba vijana wameua mashine kwa ubabe. Bomba lilikuja mwisho kabisa wa foleni.

Ukarabati

Fundi mmoja wa kuchomelea aliyekuwa ameombwa bei kabla yetu alipendekeza kuyajaza matundu yale kwa welding, kisha kuyatoboa upya kwa drili ya mkono hapohapo chini ya mwarobaini. Kazi ya saa chache, bei nafuu. Nilipinga kwa sababu moja: mikono miwili lazima iwe na umbali sawa kabisa kati ya tundu na tundu. Drili ya mkono ikiteleza nusu milimita kwenye mkono mmoja, umeinunua tena pistoni iliyolala, safari hii ikiwa mpya.

Mikono ilipelekwa kwenye karakana ya mkerezaji wa vyuma mjini. Ilibanwa pamoja, mmoja juu ya mwenzake, ikatobolewa kwa mara moja, matundu yakapanuliwa na kuwekwa bushi, vile vibomba vifupi vinavyovaa ndani ya tundu na kupitisha pini. Kulikuwa na mjadala mfupi kuhusu bushi za shaba, ambazo mkerezaji alikuwa nazo tayari na alizisifia. Kwenye mashine inayozunguka ndani ya mafuta safi, shaba ni nzuri sana. Hapa, penye mchanga, chuma laini kilinifaa zaidi; shaba inameza chembe za mchanga zikajikita humo, nazo zinaanza kuila pini kutoka kwenye bushi. Pini zenyewe zilikerezwa kutoka kwenye ekseli chakavu ya gari, chuma kigumu kinachopatikana gereji yoyote. Makusudi ni kwamba kitu cha kuisha kiwe bushi, kilicho rahisi kugongwa nje na kuwekwa kingine.

Pini zilitobolewa katikati kutoka kila kichwa, na kitundu cha ubavuni kinachotokea pale panapobeba mzigo, kisha vichwani tukafunga nipeli, vile vichuchu vya kusukumia grisi ndani. Nipeli inaonekana. Ikipakwa rangi, mtu anaiona imepakwa rangi.

Mabamba ya ndani hayakuwa na fedha ya kubadilishwa yote kwa wakati ule. Matatu tuliyageuza juu chini, kwa kuwa yalikuwa yameliwa upande wa chini tu, ule wa juu ukiwa bado karibu na milimita 6. La nne lilikuwa limechomelewa kwenye boksi na mtu fulani siku za nyuma, boliti zilipokatika. Hilo lilitolewa kwa grainda na ndilo pekee lililonunuliwa jipya. Nira ilinyooshwa kwenye vaisi. Gharama yote haikufikia bei ya mifuko kumi ya saruji, na hii ni mashine ambayo mwenyekiti alikuwa ameanza kuitafutia mteja wa chuma chakavu.

Vipande vidogo vilioshwa kwa dizeli kwenye beseni. Kijana mmoja alikuja na petroli, akidai inasafisha haraka. Inasafisha haraka kweli, na jiko la mama lishe lilikuwa hatua chache kutoka tulipo. Ikarudishwa ilikotoka.

Kuirudisha na kuipima

Kuunganisha kulifuata alama za tindo kinyumenyume. Kabla ya kukaza boliti za mabamba tulisafisha kila mfereji wa vichwa vyake, maana chembe moja ya saruji chini ya bamba inalisukuma ndani na tofali linatoka na kovu. Pistoni ilishushwa kavu kwanza, bila mafuta, ipandishwe na kushushwa kwa mkono tusikilize kama inagusa. Iligusa kona moja. Msasa ukamaliza.

Upimaji wa kwanza ulikuwa wa udongo wa mfinyanzi mbichi: madonge manne madogo, moja kila kona ya sahani ya pistoni, mfuniko ukafungwa, mpini ukashushwa mpaka mwisho, kisha yakatolewa na kupimwa unene. Yote manne yalisomeka ndani ya nusu milimita. Mwenyekiti alitaka tuishie hapo. Lakini madonge laini hayabebi mzigo, na kiungo kilicholegea hakijitaji mpaka kivutwe. Ni tofali halisi, lililojazwa kwa kipimo halisi, ndilo linalosema. La kwanza lilitoka 100.6 kushoto na 100.3 kulia. Yaliyofuata yalizunguka humohumo, na kijana mmoja, bila bomba, alikuwa akiushusha mpini kwa mikono miwili na uzito wa mwili wake.

Kopo la kipimo lilirudi. Tulilipata kwa kujaza kidogokidogo mpaka pale mpini unapofika mwisho kwa nguvu za mtu mmoja, si rahisi na si kwa kuning'inia, kisha tukalikata kopo la rangi kwa kimo hicho. Baada ya hapo saruji ilirudishwa moja kwa kumi na pembe za matofali zikasimama. Mchanganyiko wenye saruji unatakiwa uishe ndani ya nusu saa hivi tangu uonje maji, kwa hiyo wanachanganya kidogokidogo, na matofali yanalazwa kivulini, yanafunikwa na kumwagiwa maji kwa wiki moja angalau. Hayo walikuwa wakiyafanya tayari, na vizuri.

Yale matofali ya zamani, shehena nzima iliyokuwa imepangwa nyuma ya banda, yaligawanywa kwa kipimo. Yenye alama inayojulikana upande wake yalimalizia ukuta uliokwama, kwa ule ujanja wa kugeuza kozi, sasa ukifanywa hadharani. Laini zaidi yalienda kwenye uzio wa mota wa mwanakikundi mmoja.

Utaratibu wa grisi umebadilika. Asubuhi bomba la grisi linafungwa kwenye kila nipeli na kusukumwa mpaka grisi chafu itoke pembeni na safi ianze kuonekana. Ile iliyotoka inafutwa hapohapo, haiachwi idake vumbi. Kuta za boksi na mguu wa pistoni hazipakwi grisi tena. Zinafutwa kwa kitambaa chenye oili nyepesi au dizeli kidogo, kiasi cha kung'aa tu. Kichuguu cha udongo kimehamishiwa chini ya upepo. Wakienda kula, mashine inafunikwa kiroba.

Kijana wa grisi aliuliza kama kuna ubaya kuendelea kupaka kidogo kwenye boksi, maana kimya kile cha chuma kikavu kinamtia wasiwasi. Mwenyekiti alimwambia apake oili, asikilize, na akisikia mkwaruzo aite mtu. Mkwaruzo mkavu unasikika, na unaosikika unatafutwa chanzo.

Kilichobaki ni yale mabamba matatu yaliyogeuzwa. Hayana upande mwingine wa kugeuziwa. Kipimo kimeandikwa kwa makaa kwenye nguzo ya banda: bamba likifika milimita 4.5 popote, linatoka. Kaliper wanaazima kwa mkerezaji kila mwezi, na fedha ya mabamba mapya inawekwa kidogokidogo kutoka kwenye kile kinachookolewa kwenye saruji.